Hundi zilizosainiwa jikoni: kisa cha mweka hazina wa chama cha maziwa, Nakuru

Kisa hiki kilitokea kwenye nyanda za juu za Kaunti ya Nakuru. Mwenyewe amekubali nikiandike kwa sharti kwamba asitambulike, kwa hiyo nimeondoa jina la chama na la eneo, na hesabu za watu na pesa nimezikadiria. Nitamwita Mama Baraka. Mimi ni mmoja wa wanawake wawili tunaoendesha mafunzo ya kila Alhamisi kwa akina mama walio kwenye uongozi wa vikundi, bodi za shule na vyama vya ushirika. Nilikuwa karibu na mambo haya tangu mapema, na kuna mahali ushauri wangu uliyaharibu.

Usuli

Ushirika wa maziwa ni wa siku nyingi Bonde la Ufa. KCC (Kenya Co-operative Creameries), ushirika wa kusindika maziwa, ilianza Naivasha mwaka 1925 kwa ajili ya walowezi, na baadaye wakulima wadogo wakauchukua mtindo huo: unapeleka maziwa alfajiri, yanapimwa, yanaandikwa kwa namba yako, mwezi ukiisha unalipwa. Namba ndiyo kila kitu. Katika boma nyingi ninazozijua, anayeamka saa kumi alfajiri kukamua ni mama, lakini namba ni ya baba, na kwenye mkutano mkuu mwenye namba ndiye mwenye kura.

Mama Baraka alikuwa na namba yake mwenyewe. Alinunua hisa kwa pesa za kuku, kidogo kidogo, kabla mtu yeyote hajamfikiria kuwa kiongozi. Ana miaka 41, alisoma hadi kidato cha nne, ana ng'ombe watatu wa kukamua. Kwa miaka sita aliweka pesa za kikundi cha akina mama 30 wanaokopeshana kila mwezi, na hakuna shilingi iliyopotea mikononi mwake. Tafadhali msomaji usisahau jambo hilo, kwa sababu baadaye watu wengi, nami nikiwa mmoja wao, tulisema shida yake ni kutojiamini.

Chama kina wakulima kama 400 wanaopeleka maziwa. Kamati ni ya watu 9, ambayo ndiyo idadi ya juu inayoruhusiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na chama hiki kiliingiza kanuni hiyo kwenye sheria ndogo zake. Hivyo wanawake wakawa watatu. Mwenyekiti aliviita viti vyao "viti vya akina mama", na kwa kweli kazi waliyopewa ilikuwa chai: mkutano ukifika katikati, watatu hao husimama, humimina, hupitisha mikate, na mara nyingi hurudi kuketi hoja ikiwa imeshapita.

Benki ilitaka saini 3 kwenye kila hundi: ya mwenyekiti, ya katibu na ya mweka hazina, yaani Mama Baraka. Meneja, ambaye aliajiriwa na chama, alikuwa akimtuma mwendesha bodaboda na kitabu cha hundi ndani ya bahasha. Mama Baraka alikifungulia mezani jikoni, akasaini karatasi tano au sita zisizo na jina wala kiasi, akarudisha. Alielezwa kwamba hivyo ndivyo imekuwa ikifanyika, ili asisumbuke na nauli. Ripoti ya mweka hazina ilisomwa na mwenyekiti "kuokoa muda". Miezi saba ikapita.

Sababu za kunyamaza

Nilimuuliza siku ya kwanza: kwa nini ulisaini? Nilitegemea aniambie aliogopa. Badala yake alinipa sababu tatu, zote za mtu anayepiga hesabu.

Boma lao lilikuwa na deni la magunia manne ya chakula cha ng'ombe kwenye duka la chama, na deni hukatwa kwenye maziwa kwa huruma ya meneja: anaweza kukata polepole, anaweza kukata lote kwa mkupuo. Ya pili, mwenyekiti ni rika la baba mkwe wake, na mama yake Mama Baraka alipofariki, mzee huyo ndiye aliyesimamia mchango wa mazishi. Ya tatu, karatasi zote za chama ziko kwa Kiingereza cha uhasibu, na aliwahi kumwona mwanakamati mwenzake akichekwa kwa kutamka neno vibaya.

Nimeziandika kwa urefu kwa kuwa tunapenda sana kumwambia mwanamke "jiamini tu". Mtu mwenye deni dukani, fadhila ya msiba shingoni na karatasi asiyoielewa mkononi, kujiamini kwake kutashika wapi?

Kilichotokea

Mwezi wake wa nane kwenye kazi hiyo akasikia, kwa bahati tu, fundi wa tangi la kupozea maziwa akimwambia mkulima mwingine kwamba kompresa ilichomelewa ikapona. Yeye alikuwa amesaini hundi iliyokuja kujazwa shilingi 340,000 kwa kompresa mpya. Akamwendea meneja. Jibu: "Mama, hayo ni mambo ya mitambo."

Aprili ikaingia, mvua ya masika, maziwa yakawa mengi. Malipo ya wakulima yalichelewa siku 11, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa kwa muhula wa pili. Watu hawakwenda kwa mwenyekiti, ambaye boma lake lina geti na mbwa. Walikuja kwa Mama Baraka. Jirani mmoja alisimama mlangoni pake na karatasi ya karo mkononi, akamwambia, "Wewe si ndiwe mweka hazina?" Alhamisi iliyofuata alikuja kwetu.

Hapa ndipo tulipokosea. Tulimwambia asimame kwenye mkutano ujao, wakati wa mambo mengineyo, aseme yaliyo moyoni. Tulimpigia makofi, akaenda. Alinisimulia baadaye alivyoanza: "Samahani wazee, mimi sijui sana mambo haya, lakini..." Kisha akauliza maswali matatu kwa pumzi moja, kuhusu kompresa, malipo ya wakulima na hundi. Mwenyekiti akamjibu kwa mzaha kuhusu wanawake na hesabu za soko, watu wakacheka, muda ukawa umeisha. Kwenye kumbukumbu za mkutano hapakuandikwa hata neno moja.

Wiki iliyofuata maneno yakazagaa kwamba semina zimempa kichwa na kwamba anautaka uenyekiti. Duka likakata deni lote kwa mwezi mmoja. Mumewe aliitwa kwenye kibanda cha nyama choma, mahali ambapo wanaume wa kamati hufanyia mkutano wao wa pili baada ya ule rasmi, akaambiwa amtulize mke wake. Alirudi nyumbani akamwambia, "Unatuharibia jina." Mama Baraka alikosa Alhamisi mbili. Alhamisi hizo mbili sikuwa na amani hata kidogo, kwa sababu makofi yale tuliyampigia sisi, na aliyelipa ni yeye.

Maamuzi ya mara ya pili

Aliporudi, tulianza na karatasi. Kila mwanachama ana haki ya kuona sheria ndogo za chama chake; akaomba nakala, akapewa baada ya kuomba mara tatu. Binti yake wa kidato cha tatu alikaa naye jioni kwa wiki mbili wakizisoma pamoja na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, neno kwa neno, kamusi pembeni. Walifika mahali panaposema wanakamati wanawajibika kwa pamoja, na kila mmoja peke yake, kwa hasara inayotokana na vitendo vyao vya kukiuka sheria, sheria ndogo au maagizo ya mkutano mkuu. Na pale Kamishna wa Ushirika anapopewa uwezo wa kumwagiza aliyetumia vibaya mali ya chama aifidie. Mama Baraka aliufunga ule ukurasa, akasema, "Kumbe ng'ombe zangu ndizo zilizokuwa zikisaini."

Kuanzia siku hiyo kukataa kulibadilika sura machoni pake. Kusaini hundi tupu ndiko kulikokuwa ukosefu wa adabu, kwa wakulima 400.

La pili lilikuwa kuchagua pa kuanzia. Yeye mwenyewe aliliacha suala la kompresa kwanza, kwa sababu lilihitaji watu wengine wakubali. Akachukua lile ambalo kalamu yake peke yake ilitosha: hakuna tena hundi tupu. Tukatunga sentensi moja. Tuliizungusha karibu saa nzima, tukitoa neno moja baada ya jingine, mpaka ikabaki hivi: "Naomba kila hundi iandikwe jina na kiasi, na vocha yake iwepo, nitaisaini siku hiyo hiyo." Vocha ni karatasi ya ofisi inayoeleza malipo ni ya nini.

Angalia kwamba inaanza na naomba. Mwenzangu alitaka tuliondoe, akisema linamdunisha. Mimi nilipinga, na bado napinga. Samahani huanza kwa kukiri kosa. Naomba ni adabu tu, na anayeomba anaweza kuwa amesimama wima. Mwanamke wa huku akimwondolea mzee heshima ya maneno, mazungumzo yote yatakuwa juu ya ulimi wake, na hundi itasahaulika. Alipanga kumwita mwenyekiti "mzee" kama kawaida na kutobadilisha sentensi.

Tukaifanyia mazoezi. Mama mmoja akawa bodaboda, mwingine meneja, mwingine, mwenye sauti nzito, akawa mwenyekiti. Kigumu kwake kilikuwa kile kimya kinachofuata baada ya kusema. Mara nne alikijaza kwa maelezo. "Unajua tu, mimi..." Kila maelezo mapya yakawa kamba ambayo "mwenyekiti" wetu aliishika na kuivuta. Mara ya tano alisema sentensi, akafunga mdomo, akaangalia mikono yake. Chumba kizima kilikaa kimya naye.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mumewe. Safari hii alimweleza kabla. Alimwekea mezani hesabu ya maziwa ya boma lao wenyewe, siku 11 za kuchelewa, na kifungu cha sheria kinachomfanya mke wake mdaiwa. Hakumwomba ruhusa, alimwambia anachokusudia kufanya na kitakachoweza kuwapata. Mumewe hakufurahi, lakini alikuwa mkulima kabla hajawa rafiki wa kibanda cha nyama, na hesabu aliielewa.

La nne bado linanisumbua. Aliuza mtamba ili asiwe na deni tena dukani, lisije likatumiwa kumfunga wakati wowote. Nilimsihi asiuze. Aliniangalia akasema, "Mwalimu, wewe hununui chakula pale."

Jumatatu bahasha ilikuja na bodaboda. Akairudisha na sentensi ile imeandikwa kwenye kikaratasi. Ikarudi, akairudisha tena. Jioni mwenyekiti akapiga simu, wakaongea dakika 11. "Mama, hutuamini?" Akajibu, "Mzee, nawaheshimu. Naomba kila hundi iandikwe jina na kiasi." Aliisema mara nne bila kuongeza sababu.

Na kulikuwa na hatari ambayo sisi wakufunzi hatukuiona kabisa. Malipo ya wakulima yalikuwa yanakaribia; hundi zikikwama, watu wataambiwa mweka hazina ndiye anayezuia pesa zao. Yeye aliiona. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kiwandani na kalamu, kwenye foleni ya maziwa, mbele ya wakulima. Akamwambia meneja yuko tayari kusaini chochote kilichojazwa. Kufikia saa nne alikuwa amesaini hundi 14 zenye vocha zake. Malipo yalitoka kwa wakati, na watu waliokuwa kwenye foleni waliona nani alikuwa pale.

Mkutano

Kabla ya mkutano wa kamati aliandika barua fupi kwa katibu akiomba ripoti ya mweka hazina iwekwe kwenye ajenda na aisome mwenyewe. Pia alimtembelea mwanakamati mmoja, mwalimu mstaafu anayejali sana kumbukumbu, akamsomea ripoti yote. Hakumwomba amtetee, alimwomba ahakikishe imeandikwa.

Ilikuwa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Pesa zilizoingia, zilizotoka, na vocha tatu zisizo na risiti, jumla shilingi 512,000, ya kompresa ikiwemo. Hakutaja jina la mtu. Alimalizia kwa swali: "Naomba kamati iamue nani ataleta risiti hizi, na tarehe gani." Mwenyekiti akaanza mzaha wake. Mwalimu akainua mkono, akauliza kama swali la mweka hazina limeshaandikwa. Likaandikwa, na tarehe ikawekwa.

Chai ilipofika, Mama Baraka hakusimama.

Matokeo

Risiti za vocha moja zililetwa ndani ya wiki. Za pili zilikuja nusu. Ya kompresa haikuletwa hata moja, na kamati ikakubali kumwita afisa wa ushirika wa kaunti akague vitabu. Meneja alikubali kurudisha sehemu ya pesa kwa kukatwa mshahara, na mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Kitabu cha hundi sasa hakitoki ofisini. Tangu hapo malipo yamechelewa mara moja tu, siku tatu, na wakulima waliarifiwa mapema.

Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Kwenye uchaguzi uliofuata alirudi bila mpinzani, na Mama Baraka akarudi kwa kura chache kuliko mara ya kwanza. Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi na mwenzake wa jumuiya ya kanisa, hamsalimii. Anasema hilo ndilo linalomuuma zaidi ya mtamba.

Nyumbani, shemeji yake alikuja na fomu ya mkopo akitaka amdhamini. Zamani angesaini huku moyo ukimwenda mbio. Alimjibu, "Shemeji, naomba nikuchangie elfu mbili. Udhamini sitasaini." Kisha akanyamaza. Shemeji alikunywa chai yake, akazichukua zile elfu mbili.

Uchambuzi

Kosa letu la kwanza lilikuwa kumpa sauti kabla hajawa na mahali pa kukanyaga. Mambo mengineyo ni saa ya mwisho ya mkutano, watu wana njaa, na hakuna anayelazimika kujibu wala kuandika. Kila mkufunzi anayemsukuma mwanamke "aseme tu" ajiulize kwanza kama kinachosemwa kitaandikwa, na nani atalipa kesho yake. Tulimpeleka mtu vitani tukabaki ukumbini.

Kilichomsaidia zaidi kilikuwa kuchagua hapana ambayo haikuhitaji kura ya mtu. Ukianza na jambo linalotegemea wengine, wakikukatalia unaondoka ukiamini umeshindwa wewe. Alipokataa hundi tupu, mwenyekiti angeweza kukasirika lakini hangeweza kusaini kwa niaba yake. Na kule kwenda kiwandani alfajiri kuliziba pengo ambalo lingeweza kumwangusha: kukataa kukiandamana na kazi kufanyika, uvumi unakosa pa kushika. Nimeanza kuwafundisha wengine mbinu hiyo, na huwa nawaambia ni yake.

Kuhusu kujiamini, nimebadilisha mawazo. Mwanamke aliyeweka pesa za watu 30 miaka sita alikuwa na kujiamini kwa kutosha. Kwenye kikundi alijua kanuni, daftari lilikuwa lake, na hakuwa na deni la mtu. Kwenye chama cha maziwa vitu hivyo vitatu viliondolewa, halafu tukashangaa kwa nini sauti inatetemeka. Vilipomrudia, ilitulia. Haikuisha kutetemeka kabisa. Anasema siku ya ripoti karatasi ilikuwa inacheza mkononi hadi akaiweka mezani, akaisoma ikiwa pale.

Tulishindwa kwa wale wanawake wengine wawili. Hatukuwahi kuwaalika, wala yeye hakuwaambia mpango wake. Siku aliyobaki kitini, wao ndio walibeba birika peke yao mbele ya wanaume sita wasiojisogeza, na walikasirika, na nadhani walikuwa na haki. Thuluthi moja ya kamati ilikuwa ndani ya chumba kile, na sisi tulifanya kazi na mmoja. Sasa chai hupitishwa kwa zamu, wanaume wakiwemo, lakini ilichukua miezi mitano zaidi, na ni mmoja wa hao wawili aliyeileta hoja.

Kuhusu mtamba, mwenzangu anaona ilikuwa gharama halali ya uhuru. Mimi naona tungetafuta njia ya deni hilo kubebwa na kikundi chake kwa muda. Tulikuwa na akina mama 30 wanaokopeshana kila mwezi, na hakuna kati yetu aliyelifikiria.

Vocha ya kompresa bado haina risiti. Imo kwenye faili lake, na katika kila ripoti anaisoma kama mstari wa mwisho: namba, tarehe, kiasi, risiti haijaletwa. Kisha anasubiri, na katibu anaandika.